Django Reinhardt, Mpiga Gitaa wa Vidole Viwili

Mwezi huu tumeona vema tuwaletee habari za mtu ambaye hakuwa askofu wala mmisionari wala mwalimu, bali mpiga gitaa. Huyu ni Django Reinhardt wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1953. Jina lake hutamkwa Jango.

Tumesukumwa kuandika habari zake na swali ambalo wazazi hutuuliza mara kwa mara baada ya ibada, hasa wale wenye vijana katika kwaya. Kijana anataka kujifunza gitaa: je, anunuliwe gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu huliita galatoni, au gitaa la umeme? Na mwingine huuliza kwa sauti ya chini kidogo: mtoto wangu ana vidole vifupi, au mkono wake uliungua alipokuwa mdogo, je, ataweza? Maswali haya mawili hukutana katika maisha ya mtu huyu mmoja. Yeye alianza gitaa mara mbili, na mara ya pili alianza akiwa na vidole viwili tu vya kutegemea katika mkono wa kushoto.

Django alizaliwa tarehe 23 Januari, 1910, karibu na kijiji cha Liberchies nchini Ubelgiji. Jina lake la karatasini lilikuwa Jean. Hakuzaliwa hospitalini wala katika nyumba, bali ndani ya gari la kukokotwa na farasi lililokuwa ndiyo nyumba ya wazazi wake. Watu wake walikuwa Wamanouche, tawi moja la Waroma, ambao walitangatanga kutoka nchi hadi nchi huko Ulaya wakiuza farasi, wakisuka vikapu na kupiga muziki. Wenyeji wengi waliwadharau na kuwafukuza kila walipopiga kambi. Baba yake alikuwa mpiga muziki. Mama yake hatimaye aliegesha gari lao pembezoni mwa jiji la Paris, katika uwanda wa mabanda na takataka uliozunguka kuta za zamani za jiji, na hapo ndipo Django alipokulia.

Shule hakwenda. Sisi tuliotumia maisha yetu mbele ya ubao hatuwezi kulisifu jambo hilo, na hata yeye mwenyewe liliendelea kumtesa, kama tutakavyoona. Lakini hatuwezi kusema kwamba hakusoma. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, jirani mmoja alimpa banjo yenye nyuzi sita, ambayo nyuzi zake husawazishwa kama za gitaa lakini tumbo lake limewambwa ngozi kama ngoma. Kijana huyu hakuwa na mtu wa kumfundisha kwa kitabu. Aliwakazia macho wakubwa, akaangalia wapi wanaweka vidole, kisha akaenda kando na kurudia mpaka vidole vyake vikakubali. Bado ni mdogo sana akaanza kulipwa katika kumbi za dansi za Paris, akiwafuata wapiga kodiani, kile kinanda cha kuvutwa kwa mikono miwili. Mwaka 1928 sauti yake ilinaswa katika santuri kwa mara ya kwanza, nyuma ya mpiga kodiani. Kwa kuwa hakuweza kuwaandikia jina lake, wenye santuri waliliandika jinsi masikio yao yalivyolisikia, na likatoka limeharibika.

Mwaka huohuo kiongozi wa bendi maarufu kutoka Uingereza, Jack Hylton, alimsikia akaahidi kumchukua. Kijana alikuwa na miaka 18, ana mke, na mlango umefunguka mbele yake.

Mke wake alikuwa akitengeneza maua ya bandia kwa ajili ya kuuza. Maua yale yalikuwa ya karatasi na seluloidi, kitu kinachoshika moto upesi kama petroli, nayo yalikuwa yamejaa ndani ya gari lao huko Saint-Ouen. Usiku mmoja, karibu na mwisho wa mwaka 1928, Django alirudi kutoka kazini. Mshumaa ukaanguka juu ya maua. Kwa dakika chache gari lote likawa tanuri. Wote wawili walitoka wakiwa hai, lakini Django alikuwa ameungua vibaya mguu wa kulia, ubavu, na mkono wa kushoto. Madaktari walitaka kumkata mguu. Alikataa, na ndugu zake wakamwondoa wakampeleka kuuguzwa mahali pengine. Mguu ulipona, ingawa alitembea na mkongojo kwa muda mrefu.

Mkono ndio uliobaki na tatizo. Kwa msomaji asiyejua gitaa, hapana budi tueleze kidogo. Mpiga gitaa wa kawaida hugonga nyuzi kwa mkono wa kulia, na kwa vidole vinne vya mkono wa kushoto huzibana nyuzi hizo juu ya shingo ya gitaa, baina ya vile vijiti vya chuma vilivyolala shingoni. Kila abanapo sauti hubadilika. Sasa moto ulikuwa umekausha kano za vidole viwili vya mwisho vya Django, kile cha pete na kile kidogo, vikajikunja kuelekea kiganjani wala havikunyooka tena. Alibakiwa na kidole cha shahada na cha kati. Ni kama kumwambia seremala aendelee na kazi yake baada ya kumnyang'anya nusu ya vifaa.

Ndugu yake mdogo, Joseph, ambaye naye alikuwa mpiga gitaa, alimletea gitaa kitandani. Tunapenda kutua hapa, kwa sababu zawadi ile ilichaguliwa kwa busara. Lilikuwa gitaa kavu. Banjo hupiga kelele kali kwa sababu ya ngozi yake, na mgonjwa asingeweza kuigonga saa nyingi kando ya wagonjwa wengine. Gitaa kavu lina sauti ya upole, halihitaji umeme wala waya, na mtu anaweza kulilaza kifuani akajaribu polepole jambo moja mara mia.

Kwa muda wa miezi 18 hivi Django alijaribu. Njia zote alizozijua zamani hazikufaa tena, kwa kuwa zilihitaji vidole vinne. Basi alizitupa, akaanza upya kama mtoto. Badala ya kubana nyuzi kwa kuvuka shingo kutoka upande huu hadi huu, alijifunza kukimbia kwa urefu wa shingo, juu na chini, vidole viwili vikifuatana kwa mwendo ambao wengine wenye mkono mzima walishindwa kuufuata. Vile vidole vilivyokunjika hakuvitupa: alipotaka kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja, alivisukuma juu ya nyuzi mbili nyembamba za chini, mahali vilipoweza kufika, na kidole gumba alikipitisha juu ya shingo kikabana uzi mnene. Hivyo ikazaliwa mishiko ambayo haikuwamo katika kitabu chochote cha kufundishia gitaa. Baadaye watu wenye vidole vinne walikaa chini kujifunza mishiko hiyo.

Yako mengine yaliyomsaidia. Akiwa kusini mwa Ufaransa, mjini Toulon, mchoraji mmoja aitwaye Émile Savitry alimpigia santuri za Wamarekani Weusi, Louis Armstrong na Duke Ellington. Django alikuwa amezoea muziki wa watu wake na dansi za Paris, na sasa akaujua muziki wa jazi. Inasimuliwa kwamba alilia.

Mwaka 1934 alikuwa akipiga katika bendi ya hoteli ya Claridge mjini Paris, pamoja na mpiga fidla aitwaye Stéphane Grappelli. Siku moja uzi wa fidla ulikatika. Grappelli alipokuwa nyuma ya pazia akisawazisha uzi mpya, alipiga vipande vya wimbo, na Django akamjibu kwa gitaa. Wakapendezwa na mchezo ule, wakaurudia kila mapumziko, na wengine wakajiunga. Kikundi kilichotokea kilikuwa cha ajabu kwa wakati ule: fidla moja, magitaa matatu, na besi kubwa ya kusimama. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna kinanda. Kilidhaminiwa na chama cha wapenzi wa jazi kilichoitwa Hot Club de France, na Desemba mwaka huohuo kikaanza kutoa santuri zilizosikika hadi ng'ambo ya bahari.

Magitaa matatu bila umeme katika ukumbi wa dansi! Msomaji aliyewahi kupiga gitaa kavu kanisani siku ya sikukuu, kwaya ikiimba kwa nguvu, atajua shida yake. Ndiyo maana chombo alichochagua Django ni jambo la kuangalia. Tangu mwaka 1932 kiwanda cha Selmer cha Paris kilikuwa kikitengeneza gitaa lililobuniwa na Mwitalia, Mario Maccaferri. Lilikuwa na nyuzi za chuma, tumbo pana, na bega moja limekatwa ili mkono ufike mwisho wa shingo bila kuzuiwa. Magitaa ya kwanza yalikuwa na tundu kubwa. Yale ya baadaye, ambayo Django aliyapenda zaidi, yalikuwa na tundu dogo lenye umbo la yai, na sauti yake ilikata hewa ikafika nyuma ya ukumbi. Bega lililokatwa lilimfaa hasa yeye, kwa kuwa alikimbia kwa urefu wa shingo. Gitaa lile lilifaa mkono aliokuwa nao na kazi aliyokuwa nayo. Alikaa nalo, kwa kubadili moja baada ya jingine la namna hiyohiyo, karibu maisha yake yote yaliyobaki.

Turudi kidogo kwa mzazi wetu na swali lake. Kijana anayeanza apewe nafasi ya kulishika gitaa kabla fedha haijatoka mfukoni. Vidole vyake vifike bila kuteswa. Nyuzi zisikae juu mno kutoka shingoni, maana zikikaa juu kubana ni adhabu, na wengi huacha katika mwezi wa kwanza kwa sababu hiyo tu. Gitaa liinuliwe usawa wa jicho, liangaliwe shingo kama seremala anavyoangalia ubao: iliyopinda haina dawa rahisi. Nyuzi za nailoni ni laini kwa ncha za vidole vya mtoto. Za chuma zina sauti kali zaidi lakini zitauma wiki kadhaa mpaka ngozi ikomae. Wala asije mtu akafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni, kwa sababu mvuto wake ni mkubwa na daraja linaweza kung'oka. Gitaa la umeme, kwa upande wake, mara nyingi ndilo jepesi kubana, kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba na huwekwa karibu na shingo. Hilo wengi hawalijui. Lakini peke yake halisikiki: linataka kikuza sauti, waya na umeme, na gharama hizo zihesabiwe pamoja. Rangi inayong'aa haipigi wimbo. Sisi tungependelea gitaa kavu la kadiri, linalokaa katika sauti yake, kuliko la umeme la bei ileile lisilo na kikuza sauti.

Tarehe 3 Septemba, 1939, Uingereza ilipoingia vitani, kikundi kilikuwa London. Django aliharakisha kurudi Paris, Grappelli alibaki. Hawakupiga pamoja tena mpaka mwaka 1946. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Waroma walikamatwa na kuuawa kwa maelfu mengi katika nchi za Ulaya, na wakati huohuo Django, Mroma, alikuwa mwanamuziki anayependwa kuliko wote mjini Paris. Alitunga wimbo wa Nuages, yaani Mawingu, na Wafaransa waliokuwa wamenyang'anywa nchi yao wakaupokea kama wao. Mwaka 1943 alijaribu kutorokea Uswisi, akakamatwa, na kwa bahati akaachiliwa.

Katika miaka hiyohiyo ya hatari alianza kazi ambayo wanakwaya wetu hawana budi kuisikia. Alitaka kutunga muziki wa Misa kwa ajili ya watu wake, ambao hawakuwa na Misa yao wenyewe. Lakini alikuwa hajui kuandika noti. Ilimbidi akae na mpiga klarineti wake, Gérard Lévêque, amtajie sauti moja moja, naye aandike. Sehemu yake ilipigwa kwa kinanda katika kanisa dogo la shule ya vijana vipofu mjini Paris, ikanaswa. Iliyobaki haikumalizika. Hapa sisi walimu twasikitika. Muziki wote ulikuwa kichwani mwake, na kalamu haikuwamo mkononi. Hata kuandika jina lake alijifunza akiwa mtu mzima, na Grappelli ndiye aliyemsaidia katika mambo ya kusoma na kuandika.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu wa kuigwa katika kila jambo. Fedha hazikukaa mkononi mwake. Alizicheza kamari na kuzigawa. Mara nyingine watu walilipa kiingilio, na yeye yuko mtoni anavua samaki au amelala. Wenzake waliteseka naye.

Tabia hiyo ilimgharimu mwaka 1946. Duke Ellington, yule ambaye santuri zake zilimliza, alimwalika Marekani, na mwezi wa Novemba walianza safari ya miji mingi pamoja na bendi yake. Inasemekana Django alisafiri bila gitaa, akiamini kwamba watengenezaji wa huko watagombea kumpa yao. Hawakugombea. Alipewa gitaa la umeme ambalo hakulizoea, akapanda nalo jukwaani mbele ya maelfu. Watu walimshangilia, lakini katika ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall mjini New York, usiku wa pili, alichelewa hata onyesho likakaribia kwisha: alikuwa amekutana na bondia Mfaransa, Marcel Cerdan, wakasahau saa. Mapema mwaka 1947 alirudi nyumbani.

Mpiga gitaa aliyezoea gitaa kavu akipewa la umeme ghafula hupata taabu ambayo kijana wetu naye ataiona. Gitaa kavu hutaka mkono mzito. Ukigonga la umeme kwa nguvu ileile, litapiga yowe. Sauti ya gitaa kavu hufifia upesi, hivyo mpigaji hujaza nafasi kwa sauti nyingi. Ya umeme hudumu, na sauti moja yaweza kuachwa iimbe yenyewe. Django hakukimbia taabu hiyo. Alifunga kinasa sauti juu ya gitaa lake lilelile la Selmer, lile ambalo mkono wake ulilijua, akajifunza upya kwa mara ya tatu. Baadhi ya wapenzi wake wa zamani walinung'unika. Lakini ukisikiliza santuri zake za miaka ya 1951 hadi 1953, akipiga na vijana waliokuwa watoto alipoungua, utasikia mtu anayeacha nafasi, anayesubiri, asiye na haja ya kuonyesha mbio zake. Sisi twazipenda hizo kuliko zile zilizomletea sifa.

Mwaka 1951 alihamia Samois-sur-Seine, kijiji kilicho kando ya mto karibu na Fontainebleau, pamoja na mke wake wa pili, Naguine, na mtoto wao wa kiume Babik. Alivua samaki, alichora picha, alicheza biliadi. Tarehe 8 Aprili, 1953, alinasa santuri zake za mwisho mjini Paris, kwa gitaa la umeme. Tarehe 16 Mei, akirudi nyumbani kwa miguu kutoka kituo cha garimoshi, alianguka. Damu ilikuwa imevujia ubongoni. Alikufa siku hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka 43, na alizikwa hapo kijijini.

Desturi ya Wamanouche ni kuteketeza mali ya marehemu, na inasemekana vitu vyake vingi vilichomwa. Gitaa lake moja la Selmer lilibaki. Mwaka 1964 Naguine alilitoa kwa makumbusho ya vyombo vya muziki mjini Paris, na liko huko hata sasa. Babik naye alikua akawa mpiga gitaa, wa umeme, mpaka alipofariki mwaka 2001.